Safari ya milimani wakati wa masika: tukubaliane kurudi kabla ya kuondoka



Msomaji wetu mmoja wa Bariadi, baba wa watoto watano, ametuandikia akitaka ushauri. Familia tatu za mtaani kwake zimekuwa zikichangishana fedha tangu msimu uliopita wa kuuza pamba, ili baada ya Idd wasafiri pamoja kwenda Karatu, wakaione kreta ya Ngorongoro, kisha washuke Arusha kumjulia hali dada yake, ambaye watoto wake hawajamwona shangazi yao huyo kwa miaka minne. Basi dogo limekwishakodiwa. Wasafiri ni ishirini na wawili, nusu yao watoto, na miongoni mwao yumo bibi aliyevuka miaka sabini. Ndugu yetu huyu anauliza: kwa kuwa huko ni milimani na ni wakati wa mvua, wabebe nguo gani?

Nguo tutazitaja huko mbele. Tuanze na jambo ambalo barua yake haikuligusa, nalo ni kalenda. Idd el-Fitr hufuata mwezi mwandamo, na kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2023 iliangukia karibu na mwisho wa Aprili, mwaka 2024 karibu na tarehe 10 Aprili, na mwaka 2025 mwishoni mwa Machi. Maana yake ni kwamba furaha yetu ya sikukuu, pamoja na likizo fupi ya shule, imekuwa ikikutana na masika, yaani mvua za Machi hadi Mei. Mkoa wetu wa Simiyu hupata mvua hizo pamoja na mikoa mingine ya ukanda wa Ziwa Victoria, na nyanda za juu za kaskazini, ambako ndugu zetu wanaelekea, huzipata pia. Familia hizi zinaondoka mvuani, zinapita mvuani na kufikia mvuani.

Sisi wa Simiyu tumezoea mvua ya nchi tambarare. Ukisimama Itilima au Meatu unaiona inakuja kutoka mbali, unapata wasaa wa kuanua nguo na kumwita mtoto arudi na mbuzi. Mvua ya mlimani haina adabu hiyo. Hewa yenye unyevunyevu itokayo Bahari ya Hindi inapokutana na mlima hulazimika kupanda, na kadiri inavyopanda hupoa, mpaka mvuke wake unageuka wingu na wingu linageuka mvua. Wingu la mlimani, kwa hiyo, mara nyingi halitoki mbali, bali huzaliwa papo hapo juu ya kichwa cha msafiri. Ndiyo maana upande mmoja wa mlima huweza kuwa na jua huku upande wa pili ukinyeshewa, na asubuhi nyeupe huweza kugeuka ukungu kabla ya adhuhuri.

Baridi nayo ina hesabu yake. Kwa wastani, kila mtu anapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo sita. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro, inakopita barabara, uko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani kiasi cha mita elfu moja juu zaidi ya Bariadi. Nyuzi sita si nyingi kwa mtu mkavu aliye ndani ya gari. Kwa mtoto aliyelowa na kupigwa na upepo, ni habari nyingine.

Sasa tuje kwenye njia, kwani msafiri wa Bariadi anazo mbili. Ya kwanza ni ya kwenda Lamadi, kuingia Hifadhi ya Serengeti kwa geti la Ndabaka, kuikatiza hifadhi na kutokea Ngorongoro. Kwenye ramani ndiyo fupi, na mabasi ya abiria huipita. Lakini ndani ya hifadhi hakuna lami, kila mtu na kila gari hulipiwa, Ngorongoro nayo ina malipo yake, na mageti yana saa zake za kufungwa. Zaidi ya hayo, kuna sehemu zenye udongo mweusi, ule ule wa mbuga ambao kila mkulima wa kwetu anaujua: ukiwa mkavu hupasuka nyufa, ukilowa hushika jembe, mguu na tairi. Gari likikwama humo saa tisa alasiri, mageti hayawangojei.

Njia ya pili ni ya Maswa hadi Mwigumbi, kisha Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Katesh na Babati hadi Makuyuni, ambako barabara moja huenda Arusha na nyingine hupanda kupitia Mto wa Mbu hadi Karatu. Hii ni ya lami, lakini ni ndefu, na kutoka Bariadi hadi Arusha inazidi kilomita 700. Baada ya Igunga inakatiza bonde la Wembere, ambalo wakati wa mvua hujaa maji, na mara inaanza kupanda mlima Sekenke. Mbele ya Singida inapita Katesh, chini kabisa ya mlima Hanang. Wenye watoto na wazee tungewashauri njia hii, kwa sharti la kulala Singida, ili sehemu yenye milima waipite mchana na dereva akiwa amepumzika. Wajue pia kwamba basi lao halitaruhusiwa kuteremka ndani ya kreta. Kule hushuka magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne tu, na kuyakodi ni gharama nyingine ya kupangwa mapema. Na wingu likitanda huenda wakasimama ukingoni wasione chochote isipokuwa weupe. Watoto waambiwe hilo kabla hawajaondoka.

Tumeutaja mlima Hanang, na haifai tuupite kimya. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule iliyokuwa imelowa ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi mji wa Katesh na vijiji jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki na barabara zikazibwa. Hawakuwa wasafiri wazembe, bali watu waliokuwa majumbani mwao. Hizo zilikuwa mvua za vuli, lakini mlima haubagui msimu, kwani udongo ukishiba maji huweza kuporomoka wakati wowote.

Yako na ya barabarani. Tarehe 6 Mei 2017, kwenye mteremko wa Rhotia wilayani Karatu, basi lililobeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha lilitumbukia korongoni asubuhi ya mvua, na watu 35 walipoteza maisha. Tarehe 12 Aprili 2024, jijini Arusha, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya korongo, na watoto kadhaa wakafariki. Mwenyezi Mungu awarehemu wote na awape subira wazazi wao. Hatuyataji haya kumtisha mtu asisafiri. Tunayataja kwa sababu barabara ya Karatu ndiyo hasa itakayowabeba ndugu zetu, na miezi ni ile ile.

Tuna ungamo letu wenyewe pia. Miaka michache iliyopita tulikuwa katika safari ya familia, masika, tukafika mahali ambapo korongo lilikuwa limepanda juu ya barabara. Maji yalikuwa mekundu na chini hakuonekani. Dereva alisimamisha gari akageuka kututazama. Vijana wakamtazama mzee wetu. Mzee akamtazama dereva, kwa kuwa gari ni lake. Kina mama nyuma wakanong'ona kwamba huko tuendako mbuzi amekwisha chinjwa na watu wanatungoja. Hakuna aliyesema tuvuke, wala hakuna aliyesema tusivuke. Baada ya dakika chache dereva akavuka, nasi tukafika salama, tukala, tukacheka.

Kufika kwetu salama ndiko kulikotudhuru. Tulirudi nyumbani tukiwa tumejifunza kwamba maji yale yanavukika, na mwaka uliofuata tulikuwa wepesi zaidi wa kuthubutu. Baadaye sana tulielewa kwamba siku ile hatukuamua kitu. Tuliogopa kumwaibisha mzee, kumuudhi dereva na kuwavunja moyo wenyeji, na katikati ya hofu hizo ndogo tatu tukaisahau ile kubwa.

Wapo wanaodhani kurudi njiani ni upungufu wa tawakkul. Hao tunawakumbusha kisa cha Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alipokuwa akielekea Sham na jeshi lake. Alipofika Sargh aliambiwa kwamba huko mbele kuna tauni. Hakukurupuka. Aliwaita Muhajirina akawataka shauri, kisha Ansari, na makundi yote mawili yakatofautiana, kisha akawaita wazee wa Kiquraishi, nao wakaafikiana kwamba arudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) alipomuuliza iwapo anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake kwa maana yake lilikuwa kwamba anatoka katika qadari kwenda katika qadari, akampigia mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja lenye malisho na moja kavu. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) alipokuja na kusimulia aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.) kuhusu kutoiingia nchi yenye tauni, na Umar akamshukuru Mola wake na kurudi. Mfano ule sisi wa Simiyu, watu wa ng'ombe, tunauelewa kuliko wengi. Mchungaji anayehamishia mifugo yake upande wenye majani hamwasi Mungu.

Na tuangalie jambo moja: Umar aliwauliza watu kabla ya kuamua, na baada ya kuamua hakuona haya. Basi shauri letu kwa ndugu wa Bariadi ni kwamba, kabla basi halijawashwa, familia zile tatu ziketi pamoja na zikubaliane mambo manne, dereva akiwapo na kina mama wakiwapo.

La kwanza, nani ataamua. Sunna imetufundisha kwamba watu watatu na zaidi wakisafiri wamteue amiri miongoni mwao. Huyo awe ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimama na kurudi. Dereva naye apewe haki kamili ya kusema hapana: yeye akikataa kuendelea, asishurutishwe na yeyote, hata na amiri.

La pili, ni dalili zipi zitawasimamisha bila mjadala. Sisi tunazitaja hizi: maji yanayotiririka juu ya barabara ambayo chini yake hakuonekani, ukungu unaomzuia dereva kuona mbele, mto uliobadilika rangi ghafla na kuanza kuteremsha vijiti na magogo, mawe au tope lililoanza kuanguka kutoka kingo za barabara, na giza kuingia kabla hawajamaliza mteremko. Kuhusu maji, wengi hawajui kwamba yaendayo kasi hayahitaji kuwa marefu. Yakifika sentimita 30 huweza kuliyumbisha gari dogo, na yakifika sentimita 60 huweza kuyabeba magari mengi. Na jua la hapo walipo lisiwadanganye. Wakazi wa kandokando ya mto Simiyu wanajua kwamba mto hufurika kwa mvua iliyonyesha kwingine.

La tatu, akiba ya njia. Watenge fedha za kutosha kulala usiku mmoja na kula milo miwili kwa wasafiri wote, ziwekwe mbali na nauli na wala zisiguswe kwa zawadi. Wengi huvuka maji si kwa ushujaa, bali kwa kuwa hawana fedha za kulala upande huu. Na pamoja na fedha watenge siku moja ya ziada. Mtu anayetakiwa kazini Jumatatu asipange kurudi Jumapili.

La nne, shangazi. Apigiwe simu mapema na aelezwe kwamba huenda wakafika kesho yake, na huenda wasifike kabisa safari hii. Aombwe asichinje wala asipike hadi watakapompigia wakiwa Makuyuni. Mapenzi ya mwenyeji ni neema, lakini sufuria iliyokwisha injikwa humsukuma msafiri kuliko upepo wa nyuma.

Ili amiri aamue vyema anahitaji habari. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu mzima, lakini huo hausemi lolote kuhusu siku yako ya safari. Kinachomfaa msafiri ni utabiri wa kila siku na taarifa ya siku tano ya hali mbaya ya hewa, ambayo hupangwa kwa daraja: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Wengi hutazama mkoa wanakokwenda tu. Ndugu zetu watazame mikoa yote ya njiani: Simiyu, Shinyanga, Tabora, Singida, Manyara na Arusha. Kisha, kila asubuhi kabla ya kuondoka, wampigie mtu aliye mbele yao, ama jamaa wa Katesh ama wa Karatu, na wawaulize madereva wa mabasi yaliyotoka huko usiku.

Sasa nguo, maana tumeahidi. Kila mtu awe na koti au sweta, koti la mvua hata la nailoni, soksi mbili na seti moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, nayo ikae ndani ya gari, si juu ya keria. Buibui na kanzu zikilowa huwa nzito na huchelewa kukauka, kwa hiyo kina mama na wazee wasikose za kubadilisha. Chupa za chai ya moto na mablanketi mawili ya kuchangia yatafaa kuliko mito. Mtoto aliyelowa avuliwe kwanza ndipo afunikwe, kwani blanketi juu ya nguo mbichi halimsaidii kitu.

Wagonjwa wapewe uzito wa pekee. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye watu wengi wenye selimundu, na baridi, kupungukiwa maji mwilini na uchovu ni katika mambo yanayochochea maumivu ya ugonjwa huo. Familia yenye mtoto wa hali hiyo imwone daktari wake kabla ya safari. Akishauri asiende, abaki na mtu anayempenda, asibaki kama aliyeadhibiwa. Wenye pumu na shinikizo la damu wabebe dawa za siku zaidi ya zile za safari.

Kuhusu ibada, dini haikumbana msafiri. Anayo ruhusa ya kupunguza swala na kuzikusanya, na aliyevaa khofu akiwa na udhu anayo ruhusa ya kupaka juu yake siku tatu usiku na mchana. Imepokewa pia kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba katika usiku wa baridi au wa mvua safarini, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimwamuru muadhini awatangazie watu waswali walipo, katika makazi yao. Ikiwa wito wa swala wenyewe umezingatia mvua, ratiba yetu ya matembezi ina haki gani ya kutoizingatia?

Huenda ndugu yetu akauliza kama si bora kuahirisha hadi likizo ya Juni. Ni bora, kwa mwenye uwezo huo. Kuanzia mwishoni mwa Juni njia huwa kavu, ingawa baridi ya milimani huongezeka. Lakini tunafahamu kwamba watu husafiri wanapopata nafasi, na kwamba bibi wa miaka sabini hana hakika ya Juni, kama ambavyo sisi sote hatuna. Kuunganisha undugu ni jambo kubwa, na masika nayo ni rehema. Asiyepata kuiona milima ya Karatu katika kijani chake cha Aprili amekosa kitu.

Basi nendeni, ndugu yetu, mkikubaliana hayo manne. Na iwapo mtafika Singida mkasikia njia ya mbele imeharibika, mkageuza gari mkarudi Bariadi na watoto wakilia njia nzima, msiingie mtaani usiku kwa kujificha. Ingieni mchana, msalimie watu, mpigieni shangazi simu, mwambieni mko salama. Atalia naye kidogo. Kisha atauliza lini mtajaribu tena, na mtakuwepo wa kumjibu.

Wabillahi tawfiq.